Kuuza Nyumba Unayokaa: Kodi, Zaka na Bei ya Kweli



Ndugu zangu, sisi tunaopanga Kalerwe tunaona nyumba zikibadilisha wenyewe kila mwaka. Mifereji ikifurika na familia ikikua, wazee huuza nyumba ya mjini wakahamia Matugga au Gayaza, wapate kiwanja kipana na karo ya watoto. Kisha swali hutufikia sisi tunaosoma: pesa hizi zina kodi? Zina zaka? Wengi huyachanganya mawili haya, wakatoa wasichodaiwa na kuacha wanachodaiwa.

Serikali inatazama faida

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya mwaka 1997 huhesabu faida ya kuuza mali ya biashara kuwa sehemu ya mapato ya biashara. Nyumba anayokaa mtu na watu wake si mali ya biashara, kwa hiyo faida yake haitozwi kodi hiyo. Anayenunua nyumba na kuziuza kama kazi yake, huyo ni mfanyabiashara na faida yake inatozwa. Nyumba yenye hatimiliki ina pia ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani wakati wa kuhamisha jina, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Sheria za kodi hurekebishwa karibu kila bajeti, kwa hiyo thibitisha URA kabla ya kutia saini.

Zaka inatazama nisabu na mwaka

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu hana zaka juu ya farasi wake wala mtumwa wake. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba vitu vya matumizi ya mtu mwenyewe havina zaka, na nyumba ya kukaa ni miongoni mwavyo, hata thamani yake ipande mara tatu.

Lakini nyumba ikishageuka pesa, hukumu inageuka. Pesa ni mali ya zaka. Zikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu (wako wanaotumia gramu 595 za fedha), na zikatimiza mwaka wa Hijria mkononi au benki, hutolewa asilimia 2.5 ya zote zilizobaki. Haiulizwi faida ilikuwa ngapi.

Mfano

Mama alinunua nyumba Kalerwe kwa shilingi 50,000,000 ili akae. Ameiuza kwa 150,000,000. Faida ni 100,000,000, na kodi ya faida hana. Siku ya kuuza, zaka pia hana. Baada ya miezi minne ananunua nyumba nyingine kwa 90,000,000. Zimebaki 60,000,000. Zikitimiza mwaka tangu siku alipozipokea, nazo zimefika nisabu, zaka yake ni 1,500,000. Akizitumia kwa haja zake mpaka zikashuka chini ya nisabu kabla ya mwaka, hana kitu. Hatakiwi kuharakisha kutoa siku ya mauzo, wala hawezi kusema, "Serikali haikunidai, basi nimemaliza."

Nia ya siku ya kununua

Katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, nyumba huwa bidhaa ya biashara ikiwa aliyeinunua alikusudia kuiuza tangu siku ya kuinunua. Huyo hutoa zaka kila mwaka kwa bei ya soko. Aliyenunua ili akae, kisha akaamua kuuza, nia hiyo peke yake haiifanyi nyumba kuwa bidhaa. Vivyo hivyo nyumba ya urithi: warithi wakikubaliana kuiuza, kila mmoja huanza kuhesabu mwaka anapopokea fungu lake.

Bei ya kwenye karatasi

Hapa ndipo tunapoingia sisi wanafunzi, maana nyumbani huitwa kuandika mkataba au kuwa mashahidi. Mara nyingine husikika: "Mwanangu, andika milioni 80, ushuru upungue." Pesa zilizolipwa ni milioni 150. Tofauti ya ushuru ni kutoka 2,250,000 hadi 1,200,000. Kwa shilingi 1,050,000 mtu ananunua ushahidi wa uongo, na Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 282 na 283, imeamrisha kuandika kwa uadilifu na ikakataza kuficha ushahidi. Tena mnunuzi akidai kurudishiwa, mahakama itasoma karatasi, na mtihakimiwa hakupata alichotoa. Mwambie mzee kwa adabu: "Baba, nitaandika, lakini bei ile mliyopeana." Bukhari na Muslim wamepokea kwamba wauzianao wakisema kweli hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Ya kukumbuka

Andika tarehe ya Hijria pesa zilipoingia. Uliza nia ya siku ya kununua. Usitie saini bei usiyoiamini. Penye urithi au malipo ya mafungu, mpelekee shekhe msikitini hesabu kamili.

Wallahu a'lam.