SOMO LA VIKUNDI: KUSAFISHA VIOO NA WAVU WA MADIRISHA

Lengo: Baada ya somo hili kila mwanakikundi aweze kuchagua kifaa kulingana na uchafu, na kusafisha wavu wa mbu bila kuutoboa.



Nyumba nyingi vijijini sasa zina madirisha ya vioo, na nyingine zimewekewa wavu wa mbu. Lakini wavu usiposafishwa hujaa vumbi na masizi. Hewa haipiti, nyumba inakuwa na joto. Basi mwenye nyumba anachukua kisu na kukata pembe moja, ati "tupate hewa kidogo." Hapo mbu amefunguliwa mlango. Mwingine anasugua kwa waya wa sufuria mpaka wavu unatoboka. Mwisho wake ni ule ule.

Jambo hili si la urembo tu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa ndani. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu na kuzibwa nafasi za juu ya ukuta ziliingiwa na mbu hao chini ya nusu ya wale walioingia nyumba za kawaida. Watoto wenye upungufu wa damu pia walikuwa wachache zaidi. Lakini wavu wenye tundu hauwezi kufanya kazi hiyo.

TAZAMA UCHAFU KWANZA

1. Vumbi kavu: Tumia brashi laini au kitambaa kikavu. Usianze na maji. Vumbi likilowa huwa matope, na chembe za mchanga hukwaruza kioo.

2. Masizi na mafuta ya jikoni: Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Sabuni ikizidi huacha alama.

3. Alama nyeupe za maji ya kisima: Hizi ni chumvichumvi na chokaa. Changanya siki na maji, nusu kwa nusu. Paka kwenye kioo, ngoja dakika 5, kisha suuza. Usipake kwenye wavu wa chuma, utashika kutu.

4. Matone ya rangi: Lowesha kioo kwa maji ya sabuni, laza wembe na usukume pole pole upande mmoja tu.

VIFAA VYA KUTAFUTA

Ndoo mbili (moja ya sabuni, moja ya kusuuzia), fulana kuukuu za pamba, brashi laini, na magazeti ya zamani ya kung'arisha. Ule mpira wenye mshikio wa kufutia maji kwenye kioo ni mzuri, lakini sio lazima kila mama awe na wake. Kikundi kinaweza kununua mmoja na kupokezana.

Usitumie waya wa chuma wala mchanga. Majivu pia tuyaache kwenye sufuria: yakilowa hula wavu wa alumini. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu.

JINSI YA KUSAFISHA KIOO

- Fanya kazi asubuhi au upande wenye kivuli. Jua kali hukausha maji kabla hujayafuta, na kioo hubaki na michirizi.
- Pangusa vumbi, osha kwa sabuni, suuza, kisha futa. Anza juu ukishuka chini.
- Ndani futa kwa kulala, nje futa kwa kushuka. Ukiona mchirizi, utajua uko upande gani.
- Kwa vioo vya luva, shika kioo kwa mkono mmoja kwa chini huku ukifuta kwa mwingine. Ukikandamiza bila kukishikilia kitavunjika.

JINSI YA KUSAFISHA WAVU

- Kama fremu inatoka, itoe na uilaze mahali tambarare. Kama imepigiliwa misumari, iache hapo hapo.
- Pangusa kwa brashi kavu kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lisirudi nyumbani.
- Weka kiganja nyuma ya wavu, osha mbele kwa brashi laini na maji ya sabuni. Kiganja huzuia wavu usilegee wala kuchomoka kwenye fremu.
- Suuza kwa kunyunyizia. Usimwage ndoo nzima kwa kishindo.
- Wavu wa chuma ukaushwe vizuri kwa kitambaa. Kwa wenzetu wa pwani, hewa ya chumvi huleta kutu haraka, kwa hiyo usuuzwe mara nyingi zaidi kwa maji baridi yasiyo na chumvi.
- Ukimaliza, tazama wavu ukielekea mwanga. Tundu lolote lishonewe kiraka cha wavu wa aina ile ile, kikizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Tumia uzi wa nailoni.

USALAMA

Usiegemeze ngazi kwenye kioo. Ngazi ikipanda mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu mwingine aishike. Kioo chenye ufa kisiguswe kwa mkono mtupu. Watoto wakae mbali.

Kumbukeni pia: wavu wa dirisha sio badala ya chandarua chenye dawa. Hata wavu ukiwa mzima, mbu huingia mlango ukifunguliwa jioni. Tulale ndani ya chandarua kila usiku.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nini hufanya watu wakate wavu au kuuacha wazi? Tufanye nini?
2. Ni vifaa gani tunavyo tayari nyumbani, na ni kipi kikundi kinunue?
3. Ni nani kati yetu, kama wazee au wagonjwa, hawawezi kufanya kazi hii wenyewe? Tugawane nyumba zao.

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja akague madirisha yake na ahesabu matundu. Siku hiyo tuje na sindano na uzi, tufundishane kushona viraka.