Kusafiri Penye Ukungu: Mfano wa Njia ya Dindira

Msafiri anayetoka Korogwe mjini kupanda Milima ya Usambara huweza kuliacha jua kali bondeni, na muda mfupi baadaye asiione hata kona iliyo mbele yake. Hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima, ikapoa, na mvuke wake ukawa matone madogo sana. Kwa hiyo ukungu wa Dindira mara nyingi ni wingu lenyewe lililolala juu ya barabara. Huweza kutanda kona moja na kukosekana kona ya pili, na hapo ndipo dereva hudanganyika: akipata mita mia moja zilizo wazi, huongeza mwendo.

Tunamwomba msomaji aifikirie hesabu ifuatayo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami yenye maji huhitaji takriban mita 60 kusimama, tangu dereva aone hatari. Kwa kilomita 30, huhitaji mita 20 hivi. Kwenye tope au mteremko umbali huo huongezeka. Ikiwa unaona mita 25 tu mbele yako, basi hata kilomita 30 ni mwendo mkubwa mno kwa barabara ya udongo. Tazama kipimo cha mwendo, kwa maana ukungu huficha miti na nyumba za kando, na dereva hudhani anakwenda polepole kuliko ilivyo kweli.

Gizani tumezoea kuongeza mwanga ili tuone. Katika ukungu mazoea hayo hudhuru: taa kubwa hugonga matone na mwanga ukamrudia dereva machoni. Shusha taa. Futa kioo ndani na nje, shuka mlima kwa gia ndogo, na upige honi kabla ya kona. Usiifuate taa ya nyuma ya lori la majani ya chai kana kwamba ni kiongozi wako. Likitoka barabarani, utatoka nalo. Ukishindwa kuona kabisa, tafuta mahali papana, ondoka barabarani kikamilifu, kisha uwashe taa za tahadhari. Kusimama ndani ya kona ni hatari kuliko kuendelea taratibu.

Abiria naye ana sauti. Wako wanaomhimiza dereva akimbize gari wawahi soko au basi la Dar es Salaam, nasi twaona lawama yao si ndogo. Ana haki ya kumtaka dereva apunguze mwendo, na hapaswi kushushwa njiani kwa kusema hivyo. Akipuuzwa, aandike namba ya gari, mahali na saa, kisha atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa LATRA. Kukiwa na ajali, namba ya dharura ni 112.

Kwa bodaboda, taa iwake hata mchana na abiria asizidi mmoja. Watoto waendao shule alfajiri wavae nguo za rangi ya kung'aa, na watembee upande wa kulia, wakiyakabili magari yanayokuja.