Usiache Kazi kwa Hasira

Kampuni kubwa haikosi tunu zake ukutani pale mapokezi: heshima, uwazi, ushirikiano. Mwajiriwa mpya huzisoma siku ya kwanza. Siku ya pili anaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la idara, na saa nne usiku bosi anaandika, "Ripoti niikute mezani asubuhi." Anayechelewa kujibu anatajwa kwa jina mbele ya wenzake.

Kwa Tanzania Bara, mipaka imewekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Ovataimu ni ya makubaliano, haizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Tahadhari: anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahesabiwi katika kanuni hizo za saa. Pengine ndiyo maana cheo cha umeneja hugawiwa kwa ukarimu kuliko nyongeza ya mshahara.

Bosi akikukalia vibaya, lalamika kwa maandishi. Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo wewe. Ofisa rasilimali watu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, ila mshahara wake unatoka kulekule kwa bosi wako. Tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo viandike kwenye daftari lako la nyumbani, kwa sababu siku ukiachishwa, barua pepe ya ofisi hufungwa kabla hujafika getini.

Ukipewa barua ya kujieleza, jibu hoja kwa hoja, bila matusi. Kikiitishwa kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa na kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako.

Wengi huharibu hapa: wanachoka, wanaandika mstari mmoja, "naacha kazi kwa sababu binafsi," wanaondoka. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaacha, na hiyo ikahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini wa kuthibitisha ni wewe, na barua ya "sababu binafsi" itatolewa kama ushahidi dhidi yako. Kama ni lazima uondoke, taja sababu yenyewe na malalamiko uliyokwisha kuwasilisha.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ni siku 60. Huko huanza usuluhishi kabla ya uamuzi. Siku hazisimami eti kwa kuwa ofisi inakuambia "njoo wiki ijayo tuzungumze"; jaza fomu huku mkizungumza. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali.

Siku ya kukabidhi vifaa, dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo uliyoifanyia kazi lakini hukuichukua. Ukiwekewa karatasi ya kukiri kwamba huna madai yoyote, omba nakala ukaisome nyumbani kabla ya kutia saini.