Uvundo wa Choo na Vijidudu vya Hewani

Mwaka 1858, katika mwezi wa Juni, jua lilikuwa kali mno katika mji wa London, ulio mji mkuu wa Uingereza. Mto Thames hupita katikati ya mji huo, na siku zile maji yake yalikuwa meusi na mazito, maana uchafu wa vyoo vya watu zaidi ya milioni mbili ulikuwa ukimwagika humo. Joto lilipozidi, mto ukatoa uvundo ambao hata wazee hawakupata kuunusa maishani mwao. Nyumba ya Bunge imesimama ukingoni mwa mto ule. Wajumbe waliokaa humo kutunga sheria waliziba pua zao kwa vitambaa, na mapazia ya madirisha yakachovywa katika maji ya chokaa yenye dawa, ili hewa iingiayo ipate kusafishwa. Walakini uvundo ulipita. Basi wakubwa wale, ambao kwa miaka mingi walibishana juu ya gharama, wakaona haja ya kufanya haraka. Tangu sheria kuletwa mbele yao mpaka kukubaliwa hazikupita siku 20, na fundi mkuu, Joseph Bazalgette, akapewa amri ya kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, ipeleke uchafu mbali na mji, upande wa mashariki.

Wajumbe hawakukimbia kwa sababu ya kuchukizwa tu. Walikuwa na hofu ya kufa. Siku zile karibu watu wote wa Ulaya, wenye elimu na wasio na elimu, waliamini kwamba ugonjwa hutoka katika hewa inukayo, na kwamba avutaye uvundo amekwisha kuvuta homa au kipindupindu. Edwin Chadwick, aliyekuwa mtu mkubwa katika kazi ya kuitengeneza miji ya Uingereza, alishika ya kuwa uvundo wote ni ugonjwa. Kwa imani hiyo yeye na wenzake waliamuru mashimo ya vyoo yaliyokuwa chini ya nyumba yaondolewe, na mifereji isukumwe kwa maji mengi hata mtoni. Nyumba zikapungua harufu. Lakini watu wengi wa London walikuwa wakinywa maji ya mto ule ule. Kipindupindu, ugonjwa uleule ulioua watu wengi sana Unguja mwaka 1869 na 1870, kilikuja London mwaka 1848, na kabla ya kwisha mwaka uliofuata kiliua watu wapata 14,000.

Alikuwapo mganga mmoja, John Snow, aliyekataa neno la hewa. Alisema kwamba sumu ya kipindupindu huingia kwa kinywa, wala si kwa pua. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 500 walikufa katika siku kumi. Snow akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza maji yao yalitoka wapi, akaona ya kuwa wengi walikunywa maji ya bomba moja la mtaani. Mpini wa bomba ukaondolewa. Hata hivyo waliomsadiki walikuwa wachache. Mwenyewe alifariki tarehe 16 Juni 1858, uvundo wa mto ukiwa umejaa mjini, wala hakuishi kuona kilichofuata.

Na kilichofuata ndicho kilichostahili kuangaliwa sana. Waganga waliyangojea mazishi. Ikiwa uvundo ni ugonjwa, basi mwaka wa uvundo mkuu ungekuwa mwaka wa vifo vikuu. Juni ikapita, Julai ikapita, kiangazi kikaisha, wala pigo la kipindupindu halikutokea. Mganga mwingine, William Budd, aliliandika jambo hili waziwazi: mamilioni ya watu walivuta hewa mbaya kupita zote, na homa haikuzidi. Mifereji ya Bazalgette ikajengwa vivyo hivyo, na ilileta faida kubwa, kwa kuwa iliuondoa uchafu katika maji ya kunywa. Walijenga kwa ajili ya pua, yakaokoka matumbo. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kilipiga hasa upande wa mashariki wa mji, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika.

Uvundo, basi, ni kitu gani? Ni mvuke utokao katika vitu vinavyooza, kama ule unukao mithili ya yai viza, na ule mkali unaochoma macho katika choo cha mkojo. Mvuke hauna uhai. Haukui wala hauzai. Kijidudu cha ugonjwa ni kiumbe hai, kidogo hata hakionekani pasipo darubini ya kukuza, lakini kikipimwa na chembe ya mvuke ni kama ndovu mbele ya sisimizi. Tena kijidudu hakina mabawa. Kikiwa hewani kimepandishwa na vumbi au na tone dogo la maji. Kwa hiyo atakaye kuisafisha hewa ya choo ana kazi mbili, na kitu kinachofaa kwa kazi moja mara nyingi hakifai kwa ya pili.

Katika kazi ya kwanza mkaa ulijulikana mapema. Mskoti mmoja, John Stenhouse, bingwa wa elimu ya kemia, alieleza mwaka 1854 habari iliyowashangaza wengi. Rafiki yake wa mji wa Glasgow alitwaa mizoga ya mbwa wawili, akailaza katika sanduku la mti juu ya unga wa mkaa, akaifunika kwa mkaa huohuo, na sanduku akaliacha wazi chumbani mwake alimofanyia kazi. Hakuna aliyesikia harufu yoyote. Baada ya miezi sita mkaa ukafukuliwa, na haikuonekana karibu kitu ila mifupa. Stenhouse akafikiri kwamba ikiwa mkaa waweza kuumeza uvundo wa mzoga, utaweza pia kuumeza uvundo wa mfereji. Akatengeneza chujio la hewa: vipande vya mkaa vilivyowekwa kati ya nyavu mbili za waya. Chujio hilo likatiwa katika chumba cha hukumu cha Mansion House, nyumba ya Meya wa London, ambacho watu walikuwa wakikilalamikia kwa sababu ya vitu vinukavyo vilivyokuwa karibu nacho. Hewa yote iliyoingia ilipitishwa katika mkaa, na malalamiko yakakoma.

Mkaa una nguvu hiyo kwa sababu ndani yake umejaa vitundu visivyohesabika, na mvuke hushikamana na kuta za vitundu hivyo. Mkaa uliochomwa kwa namna maalumu kwa kazi hii, kiasi cha gramu moja tu, yaani kama punje ya karanga, kuta zake zikitandazwa zaweza kuzidi mita 500 za eneo. Lakini vitundu vikijaa, mkaa huchoka, na hauna kazi tena mpaka uchomwe upya au ubadilishwe. Na kijidudu juu ya vumbi hupita katika nafasi iliyo kati ya vipande vya mkaa bila kushikwa, kama mbuzi apitavyo katika ua lililobomoka.

Kazi ya pili ilitaka kitu kingine. Kila mtoto amewahi kuona mwali wa jua ukipenya katika tundu la paa, na vumbi likicheza ndani yake. Mwaka 1870 John Tyndall, mwalimu katika Taasisi ya Kifalme ya London, aliwaonyesha watu mwali wa taa kali katika chumba chenye giza. Vumbi lilipoelea, mwali ulionekana kama mti mweupe. Tyndall akaweka pamba mbele ya kinywa, akavuta pumzi kwa kupitia pamba ile, kisha akapuliza katika mwali. Na pale pumzi ilipopita pakawa peusi, maana vumbi lote lilibaki katika pamba. Kabla yake, Mfaransa Louis Pasteur alikuwa amevuta hewa kwa mrija wenye pamba, akaiyeyusha pamba, na katika mashapo yake akaona kwa darubini vitu vilivyofanana na mbegu za vijidudu. Basi pamba huchuja vumbi, na pamoja na vumbi, vijidudu.

Walakini mtu akishika pamba puani na kusimama penye shimo la choo, atasikia uvundo ulevule. Pamba haizuii mvuke. Mwaka 1871 Tyndall aliviunganisha vitu hivi viwili kwa ajili ya wazima moto wa London, ambao walikuwa wakizimia katika moshi. Katika kifuniko cha kinywa alitia pamba kavu, na pamba iliyoloweshwa glisarini, na mkaa, na chokaa. Pamba ikamate masizi, mkaa na chokaa zikamate mvuke. Akaingia mwenyewe katika chumba kidogo kilichojaa moshi wa kuni zenye utomvu, akakaa humo nusu saa na zaidi, mahali ambapo mtu asiye na kifuniko hakuweza kustahimili ila kitambo kidogo sana.

Namna hiyo ndiyo inayofuatwa mpaka leo katika mashine za kusafishia hewa. Ndani yake huwamo chujio la nyuzi nyembamba mno, mara nyingi za kioo, nalo hukamata vipande 9,997 katika kila 10,000, hata vilivyo vidogo kuliko vijidudu vingi. Lakini chujio hilo peke yake likiwekwa chooni, hewa itatoka ikinuka kama ilivyoingia. Ndiyo sababu nyuma yake hutiwa mkaa. Choo cha kuvuta maji nacho kinahitaji uangalifu, maana maji yashukapo kwa nguvu hurusha matone madogo, na mengine huelea hewani kwa muda.

Na ziko hewa zenye hatari zisizo na harufu kabisa. Katika mji wa Baltimore, Marekani, kati ya mwaka 1956 na 1960 na kuendelea, Richard Riley na wenzake waliiongoza hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu katika mabomba mpaka chumba cha juu, walimofugwa wanyama wadogo mfano wa sungura. Wanyama hawakumkaribia mgonjwa hata mmoja, wala hapakuwa na uvundo. Lakini mmoja mmoja wakashikwa na kifua kikuu. Wengine waliopewa hewa hiyohiyo baada ya kupitishwa mbele ya taa ya miale iuayo vijidudu, hawakuugua.

Wale wasio na mashine wala mabomba ya maji hawakukosa njia. Padre mmoja wa Uingereza, Henry Moule wa Fordington, ambaye parokia yake iliwahi kupigwa na kipindupindu, alichoshwa na uvundo wa shimo la choo chake mwenyewe. Mwaka 1859 akalifukia, akaagiza watu wa nyumbani mwake watumie ndoo, na kila mara wafunike kwa udongo mkavu uliochekechwa. Katika dakika chache harufu ilikwisha. Mwaka uliofuata akapata hati ya uvumbuzi wa choo cha udongo, na vyoo hivyo vikaenea mpaka kambi za askari na shule. Shule moja ya Lancaster ilivipenda zaidi, kwa sababu vyoo vyake vya maji vilizibika kila mara kwa gololi na majalada ya vitabu vya Kilatini waliyotupa wanafunzi humo. Lakini Moule aliutumia udongo uleule mara kwa mara, akiukausha, maana ulionekana na kunuka kama udongo wa shamba tu. Leo yajulikana kwamba mayai ya mchango yaweza kukaa hai udongoni hata miaka, pasipo harufu yoyote.

Katika Afrika njia bora zaidi ilitengenezwa kusini, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, mnamo miaka ya 1970 na kitu, na Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair. Choo hicho kimeenea mpaka Tanzania na Kenya. Ni shimo la kawaida, ila lina bomba refu lisimamalo kupita paa, na mdomoni mwa bomba pamefungwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Upepo upitao juu huivuta hewa ya shimo ipande katika bomba. Hewa safi huingia mlangoni, hushuka katika tundu, na uvundo hauna nafasi ya kurudi chumbani. Nzi wa nje hufuata harufu mpaka mdomo wa bomba, wakazuiwa na wavu. Nzi waliozaliwa shimoni hufuata mwanga, na kwa kuwa chumba kimeachwa na giza, mwanga wa pekee ni ule wa juu ya bomba. Hupanda, hugonga wavu, hufa na kuanguka. Mwaka 1975 nzi walitegwa kwa siku 78 katika vyoo viwili vilivyofanana. Katika kile kisicho na bomba walipatikana 13,953, na katika kile chenye bomba na wavu, 146.

Waya wa chuma cha kawaida huliwa na mvuke wa shimo na kuoza upesi, kwa hiyo hutakiwa waya usioshika kutu, na mtu wa kupanda kuutazama. Kazi hii husahauliwa kwa urahisi. Wavu ukitoboka, bomba huendelea kuvuta hewa kama kwanza, na chumba hakinuki hata kidogo. Aingiaye hukisifu choo kuwa ni kizima. Lakini kule juu, katika tundu la upana wa kidole, nzi hutoka mmoja mmoja, wakaelekea jikoni.