Muhogo Mchungu: Kwa Nini Mmoja Hula Salama na Mwingine Hupooza



Mvua zikikatika na mahindi yakiungua shambani, swali moja hurudi kliniki: "Mama nesi, wanasema muhogo mchungu una sumu. Mbona babu yangu aliula miaka yote, akafa mzee akitembea kwa miguu yake?" Swali hili ni zuri. Jibu lake limo ndani ya mmea wenyewe, tena limo ndani ya mwili wa babu.

SUMU INATOKA WAPI?

Mti wa muhogo hauna miguu ya kukimbia wadudu na wanyama. Hujilinda kwa kutengeneza kitu kiitwacho linamarini na kukihifadhi katika seli zake. Pembeni yake huweka kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuvunjavunja kitu hicho. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukiukwangua, ukiutwanga au ukiulowesha ukalainika, hukutana, na linamarini huvunjika ikatoa sumu ya sianidi. Sumu hiyo ni nyepesi, huruka hewani au hutoka na maji. Kwa hiyo kazi yetu jikoni ni kuviacha vikutane na sumu iondoke kabla hatujala. Wakati wa ukame mmea huongeza linamarini, na muhogo huwa mkali kuliko miaka ya mvua.

Wafugaji wanajua jambo linalofanana na hili. Machipukizi ya mtama baada ya ukame yana kitu cha jinsi hiyo hiyo. Ng'ombe akiingia humo na njaa, huhema kwa shida, huanguka na huweza kufa upesi. Si jicho baya la jirani, ni sianidi.

MWILI UNAFANYA NINI?

Sianidi huzuia seli zisitumie oksijeni. Mtu aliyekula nyingi kwa mara moja huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na huweza kufa. Mtu wa namna hiyo akimbizwe hospitali bila kuchelewa.

Sianidi ikiwa kidogo, mwili una njia ya kujiokoa. Katika ini na sehemu nyingine kuna kimeng'enya kinachoiunganisha na salfa. Hapo hupatikana kitu kisicho kikali sana, nacho hutoka kwa mkojo. Kazi hii ya mwili ya kugeuza kitu kimoja kuwa kingine huitwa umetaboli, nayo inaendelea ndani yetu usiku na mchana.

Salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka katika protini: samaki, dagaa, nyama, maziwa, mayai, na kwa kiasi fulani jamii ya kunde. Muhogo wenyewe una protini kidogo mno. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa hujipatia salfa ya kuoshea sumu. Anayekula ugali huo huo kwa chumvi tu, siku baada ya siku, huleta sumu bila kuleta cha kuioshea.

Basi huenda babu alikula muhogo ulioandaliwa vizuri, akawa na maziwa na samaki pembeni.

YALIYOTOKEA TARIME

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame mkali katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, jirani zetu wa kaskazini. Chakula kilichobaki kilikuwa muhogo mchungu. Kwa njaa, watu walifupisha muda wa kuuandaa, na kitoweo hakikuwepo. Watu walianza kupooza miguu ghafla. Madaktari walichunguza wagonjwa 39, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 1990. Walihusisha ugonjwa huo na sianidi nyingi pamoja na upungufu wa salfa katika chakula.

Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina limetoka Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Hushika zaidi watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Miguu yote miwili hukakamaa kwa siku moja au chache. Hauambukizi, wala si kurogwa. Hauendelei kuzidi, lakini haujapatiwa dawa ya kuuponya. Mgonjwa husaidiwa kwa mazoezi na magongo. Kwa hiyo kinga ndiyo dawa yetu.

TUANGALIE MAZOEA YETU

Sisi wa Bariadi, Maswa na Meatu tumezoea michembe. Viazi vitamu hukatwa, huanikwa, huwekwa akiba, basi. Viazi havina sumu hii. Hatari ni kuufanyia muhogo mchungu hivyo hivyo. Ukikatwa na kuanikwa upesi juani, hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na sumu nyingi hubaki. Kuuchemsha tu pia hakutoshi, kwa sababu moto hukiua kimeng'enya mapema.

TUFANYE NINI?

1. Muhogo mchungu umenywe, uloweshwe majini siku 3 hadi 5 mpaka ulainike. Kisha uvunjwevunjwe, ukamuliwe na uanikwe ukauke kabisa. Maji ya kuloweka yamwagwe mbali na mifugo.

2. Kama una unga usiojua ulivyoandaliwa, weka unga ndani ya beseni, utie alama mahali unapofikia. Ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kuongeza. Tandaza juu ya turubai safi, unene usizidi sentimeta 1. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Njia hii imetumika Mtwara, ambako konzo ilitokea miaka ya mwanzo ya 2000. Haichukui nafasi ya kuloweka, inaongeza usalama.

3. Ugali wa muhogo usiende mezani peke yake. Dagaa wa ziwani, maziwa, choroko, dengu au karanga viwepo, hata kidogo. Mtoto na mama wasihudumiwe mwisho.

4. Changanya unga wa muhogo na wa mtama au mahindi kila inapowezekana.

5. Tumia chumvi yenye madini joto. Kile kitu kinachopatikana sianidi ikioshwa hushindana na madini joto shingoni, na huweza kuchangia tezi la shingo.

6. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sufuria ikiwa wazi.

Wapendwa, njaa ina haraka, lakini muhogo mchungu hautaki haraka. Ukiona watoto wanalia na muhogo uko majini siku ya kwanza tu, omba kwa jirani kibaba cha mtama uwavushe siku zile. Nawe jirani, usimnyime. Kibaba hicho huweza kuokoa miguu ya mtoto.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Unga wa muhogo tunaonunua mnadani uliandaliwaje? Tumewahi kuuliza?

2. Chakula kikipungua nyumbani kwetu, nani hukosa kitoweo kwanza?

3. Ni familia gani katika jumuiya yetu inayokula muhogo mtupu sasa hivi?