Foliki kwa mwanaume: nani ameze, nani aache

Nikienda duka la dawa kununua asidi ya foliki na nikakuta muuzaji mgeni, huniuliza, "Kaka, hizi ni za wifi?" Namwambia ni zangu. Ananiangalia usoni kidogo, kisha anahesabu vidonge.

Simlaumu. Kwetu foliki tumeizoea kliniki ya wajawazito, wanakopewa ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Lakini hii ni vitamini B9, na mwili wa mwanaume nao unaitaka kila siku kwa ajili ya kutengeneza damu na seli mpya, mbegu za uzazi zikiwemo. Kinachobishaniwa ni kama lazima itoke kwenye kidonge.

Mimi ninayo sababu. Nina baridi yabisi ya viungo, na daktari ameniandikia methotreksati, dawa ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki. Dawa hiyo hupingana na foliki mwilini, na ndiyo maana wengi wanaoitumia bila nyongeza hupata kichefuchefu, vidonda vya mdomo, au vipimo vya ini kupanda. Basi Ijumaa nameza methotreksati, Jumamosi foliki ya miligramu 5. Kama nawe uko kwenye dawa hii, zitenge mbali kabisa: mara nyingi vidonge vyote viwili ni vidogo na vya manjano, na methotreksati ikimezwa kila siku kwa kudhaniwa kuwa foliki inaweza kuua. Zangu ziko kwenye droo mbili tofauti, na siku yake nimeiandika juu ya boksi kwa kalamu nene.

Wapo wanaume wengine wenye sababu. Mwenye selimundu huandikiwa foliki kwa kuwa chembe zake nyekundu hufa upesi na mwili hautulii kutengeneza nyingine. Mnywaji wa pombe wa miaka mingi huishiwa nayo. Wanaomeza fenitoini kwa ajili ya kifafa nao hupungukiwa, ila wasijinunulie, maana foliki inaweza kushusha nguvu ya dawa yao na kifafa kikarudi.

Lakini wanaume wanaonivuta pembeni kuniuliza hawana habari na viungo vyangu. Wanatafuta mtoto, na wameambiwa foliki na zinki "huongeza mbegu". Hili limepimwa vizuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa Januari 2020 ulihusisha wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Nusu ya wanaume walipewa foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30 kila siku kwa miezi 6, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata mtoto aliye hai walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na asilimia 35 upande wa pili. Idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake havikutofautiana. Tena waliomeza dawa walisumbuliwa zaidi na tumbo, na mbegu zao zilionyesha vinasaba vilivyokatika zaidi. Baada ya hapo, anayekuuzia mchanganyiko huo kwa bei ya mbuzi anakuuzia matumaini.

Ndugu yangu, anza na kipimo cha manii, na mkeo apimwe pamoja nawe, asitangulizwe yeye peke yake kama ilivyo desturi yetu mbaya. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa kabla ya kutoa sampuli. Mwombe daktari akague kama mishipa ya korodani imevimba, na mtajie sigara, shisha na zile sindano za kujaza misuli, kwani homoni iliyomo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Mbegu huchukua takriban siku 74 kukamilika, kwa hiyo ukibadili mwenendo leo usitegemee majibu mapya wiki ijayo.

Ukiamua kununua, soma boksi. Mwanaume mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, chakula kikiwemo. Kidonge cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, wakati kiwango cha juu cha kumeza bila agizo la daktari ni 1,000. Usichukue vidonge vya mkeo vya kliniki: vingi vina madini ya chuma ndani, na mwanaume asiyepungukiwa chuma hana namna nyepesi ya kuyatoa. Mwenye kisukari anayetumia metformini, na asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa, wapime kwanza B12. Foliki nyingi hufanya damu ionekane nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Kwa mwanaume mzima wa afya, mimi nampeleka jikoni. Kikombe kimoja cha maharage mekundu yaliyochemshwa kina takriban mikrogramu 230. Ongeza kunde, maini, parachichi, chungwa. Mchicha usiuchemshe ukaukamua na kumwaga maji. Foliki huyeyuka humo na kwenda nayo. Kaanga haraka au pika na mchuzi wake. Tazama pia mfuko wa unga: Tanzania na Kenya zina kanuni za kuongeza foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani, ingawa ule wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna.

Daktari akikuandikia foliki, usitoke chumbani kwake kabla hujamuuliza mambo matatu: ni ya nini, miligramu ngapi, na mpaka lini.