Habari ya Kasumba na Mapatano ya Mataifa

Leo twataka kueleza jinsi mataifa yalivyojaribu kuizuia kasumba. Kasumba ni utomvu wa mmea wenye maua mazuri. Katika utomvu huo hupatikana mofini, dawa itulizayo maumivu makali. Na mofini ikigeuzwa huwa heroini, iwatiayo watu utumwani. Basi asili ni moja, huponya na huua. Ndiyo sababu kazi ya kuizuia ni ngumu.

Mwaka 1729 Mfalme wa China alikataza kuuzwa kasumba ya kuvuta. Lakini baadaye wafanya biashara Waingereza waliileta kwa siri kutoka Bara Hindi. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme, akawanyang'anya masanduku zaidi ya 20,000, akaiharibu kasumba yote. Uingereza ikapiga vita, na mwaka 1842 China iliyoshindwa ikatoa kisiwa cha Hong Kong. Hapo twajifunza ya kuwa amri ya nchi moja haitoshi, ikiwa wengine wapata faida.

Hata mwaka 1909 wajumbe wa nchi 13 wakakutana Shanghai, na mkuu wa mkutano alikuwa Askofu Charles Brent wa Ufilipino. Mwaka 1912 mapatano ya kwanza yakatiwa sahihi mjini The Hague. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1925 yakaweka vyeti: nchi itakayo dawa hutoa cheti, wala nchi iuzayo haina ruhusa kupeleka mzigo pasipo cheti hicho. Mapatano ya mwaka 1961 yakakusanya yale ya kwanza pamoja. Na ya mwaka 1988 yakaagiza serikali zitwae hata mali iliyopatikana kwa biashara hiyo.

Je, mlango umefungwa? La. Mwaka 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa, limechukua heroini zaidi ya kilo 1,000. Cheti humzuia mwenye kupita bandarini mchana. Apitaye gizani hakimzuii, maadamu yuko mnunuzi.

Tena hofu ikizidi, dawa nayo huzuiwa, na katika nchi nyingi maskini wagonjwa hufa kwa maumivu kwa kukosa mofini. Kwa hiyo, ndugu, tusiilaani dawa kwa ajili ya sumu. Na kijana aliyekwisha kufungwa na heroini tusimfukuze kama mwizi, bali tumpeleke kwa mganga mapema. Kwa maana kila aponaye ni mnunuzi mmoja aliyepungua.